Upawa Nje ya Jiko

Zebedayo alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, pingu mikononi, ingawa mlango wa mahabusu ulikuwa na komeo na kufuli juu yake. Ndivyo serikali ilivyo. Maskini hufungwa mara mbili. Mwenye mali hata hiyo mara moja ni taabu.

Sajini Uweso alivuta kigoda akaketi mbele yake. Alikuwa askari kanzu, ametoka Tanga mjini kwa baiskeli, shati jeupe na suruali ya kaki.

"Inspekta ameniambia nichukue ungamo lako," alisema. "Jumatatu unapelekwa kwa hakimu. Shitaka ni kuua kwa kukusudia. Unajua adhabu yake?"

"Kamba."

"Kamba. Basi tusipotezeane siku. Nani alimfungua mbwa?"

"Mimi, afande. Kila asubuhi namfungua. Ndiyo kazi niliyoandikiwa."

Mambo yenyewe yalikuwa mafupi. Jumatano asubuhi Abrahamu, mlinzi wa korona, kile kinu cha kuchania mkonge, alimaliza zamu yake akapita uani kwa meneja wa shamba kurudisha taa. Mbwa wa meneja, jina lake Reksi, akamrukia na kumshika koo. Mbwa alipigwa risasi, lakini Abrahamu alikuwa ameshakata roho. Meneja, ambaye kambi nzima ilimwita Bwana Mluzi kwa sababu hakuacha kupiga miluzi hata penye maiti, aliwaambia polisi kwamba mbwa wake hajawahi kuuma mtu. Aliyemhimiza, alisema, ni mtunza mbwa, Zebedayo, kwa ajili ya ugomvi wake na Abrahamu. Inspekta akaamini. Kwa nini asiamini? Walikunywa chai pamoja.

"Ulimwambia shika?"

"Reksi hajui shika. Mwaka jana mwizi wa kuku aliingia bandani, akamruka yeye kalala, akatoka na kuku, akamruka tena."

"Na ugomvi wenu?"

"Utani, afande. Abrahamu Mpare, mimi Mshambaa. Alikuwa akiniita yaya wa mbwa. Kila nikiingia kilabuni: 'Yaya, mtoto kalala?' Watu wanacheka mpaka pombe inawatoka puani. Siku moja nikamjibu: 'Ipo siku mtoto ataamka.'"

"Walisikia wangapi?"

"Kilabu kizima."

"Na mtoto akaamka."

Zebedayo aliziangalia pingu. "Akaamka."

Uweso alingoja. Mtu akishasema neno kama hilo, huwa na jingine nyuma yake.

"Na kweli aliamka," Zebedayo aliendelea. "Alikuwa mnene kama robota la mkonge, manyoya ya kiunoni yamepukutika, hasimami ila kwa chakula. Memsabu, mke wa Bwana, akampeleka kwa daktari wa mifugo, akapewa vidonge. Alipokuwa akienda Ulaya akanifundisha: kila asubuhi kimoja, unafungua kinywa, unatia nyuma ya ulimi, unashika taya, unapapasa koo mpaka ameze. Bwana ananipa kidonge mkononi. Chupa anaifungia kabatini kwake. Manyoya yakaota. Tukafurahi. Halafu mambo yakazidi. Halali. Anakula chake na cha kuku, na bado mbavu zinaonekana. Anahema asubuhi ya kipupwe kama aliyekimbia kutoka Muheza. Ukimwekea mkono kifuani, moyo unakwenda kama cherehani. Jani likianguka, anarukia jani."

"Ulimwambia Bwana?"

"Nilimwambia. Akapiga mluzi, akasema, 'Sasa ndiyo mbwa.'"

Uweso alisogeza kigoda. "Porini huko kuna bweha. Hakupata kung'atwa?"

Kwa mara ya kwanza Zebedayo aliinua uso. "Unasema kichaa cha mbwa?"

"Nauliza."

"Bweha wapo tele mkongeni. Kama ni kichaa, afande, mimi sina kosa. Siyo?"

"Kama ni kichaa, hakuna wa kunyongwa."

Nje, kutoka msikiti wa Pongwe ulioko ng'ambo ya barabara, adhana ya alasiri ilianza. Sauti ya kizee, kavu kidogo mwanzoni, kisha inapanda bila kutetereka. Zebedayo alitega sikio mpaka ikaisha.

"Mzee Mbaruku huyo, mpishi wa Bwana. Bwana akilala mchana, yeye huja kuadhini. Mimi Mlutheri, lakini humu ndani yeye ndiye saa yangu. Namjua hata anapovuta pumzi."

*

Asubuhi ya pili Uweso alikuwa uani kwa Bwana Mluzi. Mbwa alikuwa ameshazikwa na chokaa imemwagwa juu. Hapakuwa na kichwa cha kupeleka kwa wapimaji wa kichaa. Meneja alihimiza shimo lifukiwe siku ileile. Uweso alilitazama kaburi hilo, kisha akaenda kwenye mfereji, ambako mwanamke alikuwa akifua mashuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba askari. Usinikanyagie shuka."

Alikuwa Mboni, dobi wa nyumba ile, Mdigo wa makamo, mikono myeupe kwa sabuni.

"Nasikia mbwa alikuwa na kichaa," Uweso alisema.

"Alikuwa na kiu. Kichaa sikijui."

"Kiu ya namna gani?"

"Bakuli lake nalijaza, nikigeuka limekauka. Nikamwekea ndoo. Nikamwekea debe. Na kinachoingia hutoka: zulia, mkeka, mguu wa meza, mguu wa Bwana angesimama. Mtungi uliotoboka ule! Nilimwambia Zebedayo, mfunge mtoto wako winda."

"Mpaka siku ya mwisho alikuwa anakunywa?"

Mboni aliacha kufua. "Mpaka saa ya mwisho, baba. Alipomwacha yule marehemu pale penye ngazi, sisi tunapiga mayowe, yeye akaja hapa. Hapa nilipoinama. Akatia mdomo ndooni akanywa. Maji yakawa mekundu, naye anakunywa. Bwana akampiga risasi kichwa kikiwa ndani ya ndoo."

Uweso aliitazama ndoo. Mbwa mwenye kichaa koo humkaza. Maji huyatazama asiweze kuyameza. Huyu alimeza ndoo nzima, kwa mdomo uleule uliotoka kuua. Njia ya kichaa ilikuwa imekufa, na kwa Zebedayo ilikuwa ndiyo njia pekee.

"Nimesema vibaya?" Mboni aliuliza.

"Umesema kweli, mama."

"Mbona uso wako kama wa mtu aliyeibiwa?"

*

Daktari wa mifugo alikuwa Mzungu mwenye Kiswahili cha kutosha. Alimpokea Uweso amesimama, mkono mmoja ndani ya mdomo wa ndama, wala hakuutoa.

"Namkumbuka. Mnene, mzembe, manyoya hayana. Tezi ya shingo ilikuwa imelala. Ile ambayo watu wa milimani ikiwavimba huita rovu. Ikilala, mwili wote unalala. Nikampa dawa ya kuiamsha."

"Inatengenezwa kwa nini hiyo?"

"Tezi za wanyama wengine, kutoka machinjioni. Za ng'ombe, za kondoo, na hasa za nguruwe. Hukaushwa, zikasagwa, zikafanywa vidonge."

"Na ikizidi?"

Daktari alitoa mkono mdomoni mwa ndama akaupangusa kwa gunia. "Ikizidi, mwili unakimbia bila breki. Anahema. Anakunywa maji hana kiasi, anakojoa hana kiasi. Anakula huku anakonda. Moyo unakwenda mbio, hatulii, halali. Mbwa mwingine huishia hapo. Mwingine huwa mkali, kwa kuwa kila kitu kinamshtua."

"Huyu alipewa kimoja kila asubuhi."

"Nani kasema?"

"Aliyempa."

"Basi ni mwongo, au si yeye peke yake. Mbwa wa uzito ule, kimoja kisingemfikisha huko. Alipewa zaidi, na si mara moja."

Uweso alifunga kitufe cha mfuko wa shati. "Bwana daktari, uliwaonya?"

"Nilimwambia yule memsabu: dalili hizi zikitokea, punguza, umlete. Hakuletwa."

"Na wewe hukuuliza."

"Sajini, mimi nina wilaya nzima."

Kila mkubwa ana wilaya nzima. Ndiyo maana aliyeko chini yake hufa peke yake.

Uweso alirudi Pongwe akikanyaga baiskeli polepole. Chupa ilikuwa kabatini kwa meneja na ufunguo mfukoni mwake. Zebedayo alipata kidonge kimoja, mkononi. Vingine vilitoka kabati lilelile, vikapita mkono mwingine. Na mbwa, baada ya kidonge cha asubuhi, alikuwa na kitu kimoja tu kilichoingia kinywani kwa mkono wa binadamu: chakula cha jioni, saa ambayo Zebedayo alikuwa kilabuni. Chakula hutoka jikoni.

*

Mzee Mbaruku alikuwa akichambua mchele. Kofia yake iliyoshonwa kwa mkono ilikuwa nyeupe kuliko ukuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wa wapi wewe?"

"Tongoni."

"Ahaa, Mtang'ata, mtu wa pwani. Karibu. Chai ipo."

"Nashukuru. Mzee, chakula cha mbwa kilipikwa hapa?"

"Kilipikwa na kijana anayetunza kuku, kule nyuma bandani. Nyama ya mbwa hailetwi jikoni kwangu. Mimi na mbwa wapi na wapi? Mimi ndiye ninayewaita watu kwenye sala."

"Hukupata kumlisha?"

"Kumlisha!" Alicheka, akatema kipande cha pumba. "Hata kivuli chake nilikuwa nakipitia mbali."

Uweso alikubali chai, akaenda kuinywa nje, nyuma ya jiko. Alizunguka na kikombe kama mtu anayetafuta kivuli. Ndani ya jiko aliona pawa zimepangwa kwenye ubao, safi, kubwa na ndogo. Hapa nje, juu ya msumari, uliangikwa upawa mmoja peke yake. Chini yake mtungi wa maji na kata. Kando ya mtungi kigae kipana, na ndani ya kigae udongo mwekundu uliochekechwa vizuri, hauna jiwe wala jani.

"Mzee," aliita, "udongo huu wa nini?"

"Wa maua."

Uweso alitazama huku na huku. Ua lilikuwa sakafu ya saruji mpaka kwenye uzio wa katani. Maua ya memsabu yalikuwa upande wa mbele, na yalikuwa na mtu wake. Na dirishani mwa jiko kulikuwa na mche mzima wa sabuni.

Alimaliza chai, akashukuru, akaondoka. Inspekta angeweza kusimama mbele ya kigae kile mwaka mzima asione kitu ila udongo. Mtoto wa chuo cha Kurani Tongoni angekijua kabla ya kufundishwa kufunga kilemba. Mbwa akilamba chombo chako au mkono wako, sabuni haitoshi. Unaosha mara saba, na mojawapo kwa udongo safi. Ukiacha nguruwe, hakuna jambo jingine katika maisha ya Mwislamu linalomfanya achekeche udongo na kuuweka karibu na maji.

*

Jumapili Uweso alimwambia Inspekta kwamba ungamo liko tayari, ila litatolewa nyumbani kwa meneja, saa ya chakula cha mchana. Inspekta hakuuliza mengi. Chakula cha Bwana Mluzi kilikuwa na sifa.

Wakubwa walikuwa barazani, hatua chache kutoka mlango wa jiko, wameshashiba. Meneja alipiga mluzi wa polepole huku akijaza kiko. Uweso alisimama mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Leo nina njaa."

"Marahaba. Karibu mwanangu, kuna mchuzi wa papa wa sisi watumishi." Mbaruku alimwekea ugali bakulini, akanyoosha mkono kwenye ubao wa pawa.

"Ngoja." Uweso alitoka, akarudi na upawa wa nje. "Tumia huu."

"Huo mchafu."

"Nimeupangusa."

"Una vumbi, mwanangu. Wa maua huo. Hebu lete."

"Kama ni vumbi tu, Bismillahi." Uweso alijisogezea bakuli dogo la mchuzi lililokuwa limepoa mezani, akachovya upawa, akauinua mpaka usawa wa mdomo. Alimtazama mzee. Upawa ulifika kwenye masharubu.

Mkono wa Mbaruku ulimshika kifundo. Ulishika kweli.

"Usile, mwanangu."

Barazani mluzi ulikatika.

"Kwa nini nisile, mzee?"

"Usile. Umelambwa na mbwa."

Inspekta alikuwa amegeuza kiti. "Anasema nini huyo?"

"Anasema alikuwa akimlisha mbwa, Inspekta." Uweso aliuweka upawa juu ya meza. "Sema wewe mwenyewe, mzee. Zebedayo kesho anapelekwa."

Mbaruku alivua kofia, akaishika kifuani. Aliongea akimtazama meneja, si askari.

"Bwana, vidonge viwili kila jioni ulinipa mkononi. Wakata mkonge walipogoma, ulisema mbwa anayelala hana faida. Ukasema dawa hii imemwamsha nusu, na aamke yote. Nikavisaga, nikavikoroga kwenye nyama kwa upawa huo, mkono wangu mbali. Mwanzoni alikuwa akingoja niondoke. Mwishoni alikuwa akiurukia upawa nikiwa nimeushika, ananilamba mpaka kiwiko. Nikawa naosha. Kila jioni naosha."

"Mzee huyu mwongo," meneja alisema. "Amezeeka."

"Hukujua kwamba Zebedayo naye anampa asubuhi?" Uweso alimuuliza Mbaruku.

"Nilijua kazi ya mbwa ni yake. Alimpa nini, sikuuliza."

"Na yeye hukumwambia."

"Bwana alinikataza. Lakini nisimtwike Bwana yote." Mzee aliigeuza kofia. "Hata asingenikataza nisingesema. Sheria ya dini hainikatazi kumpa mbwa chakula, nimeisoma. Watu ndio wanaokataza. Ningemwambia Zebedayo, jioni ile kilabu kingejua. Mwadhini wa Pongwe, yaya wa pili wa mbwa. Nikanyamaza. Aliponiambia siku moja, 'Mzee, mbwa huyu hatulii,' nilimwambia ni baridi."

Bomba la mfereji lilikuwa likidondosha tone moja moja kwenye ndoo.

"Daktari wa mifugo atathibitisha," Uweso alimwambia Inspekta. "Kimoja kisingemfikisha hapo. Vitatu vimemfikisha. Dalili zote ninazo kwa vinywa vya watu wawili: kiu, kukonda, kuhema, kukosa usingizi, ukali. Chupa ilikaa kabati moja na ufunguo mmoja."

Wakubwa wakazungumza kwa Kiingereza. Yalikuwa mazungumzo marefu, ya watu wanaojuana, na katikati mmoja wao akacheka kidogo. Kisha Inspekta akavaa kofia.

"Huyo Zebedayo afunguliwe. Andika ajali, kifo cha kuumwa na mnyama."

"Na aliyeamuru dawa?"

"Sajini, hakuna sheria inayomkataza mtu kumpa mbwa wake dawa."

Sheria ya kumnyonga mtunza mbwa ilikuwapo tangu Jumatano, ina namba na kifungu. Ya mwenye mbwa ilikuwa bado haijaandikwa, na mpaka leo nadhani wanatafuta kalamu.

Uweso aliuviringisha upawa katika karatasi ya kaki, akaufunga kwa katani. Mbaruku alimfuata mpaka langoni, kofia bado mkononi.

"Amenifukuza," alisema. "Nitoke kabla ya magharibi."

"Nimesikia."

"Si kitu. Nilikuwa nimezeeka kweli." Alisimama. "Mwanangu, zile dawa. Nilizisaga kwa mikono hii. Zilitengenezwa kwa nini?"

Uweso alikaza fundo la katani. Tena akalikaza.

"Sikuuliza, mzee," alisema.

*

Jumatatu, mchana ukiwa umeinama, Zebedayo alitolewa mahabusu. Alijisugua vifundo vya mikono, akatazama barabara kama mtu aliyeisahau.

"Nataka kwenda kwa Lea kwanza," alisema. Lea alikuwa mjane wa Abrahamu. "Nimwambie kwa kinywa changu."

"Wahi. Ameambiwa aache chumba cha kambi. Mlinzi mpya ameshapewa."

"Mume hajakauka kaburini?"

"Chumba ni cha mlinzi, si cha mjane. Ndivyo walivyomwambia."

Manamba watatu walipita na majembe begani. Mmoja alimwona Zebedayo akapunga mkono.

"Yaya katoka! Yaya, mbona umemwacha mwenzio? Mwadhini wa mbwa yuko wapi?"

Wenzake walicheka. Zebedayo hakuelewa, aligeuka kumuuliza Uweso, na wakati uleule, ng'ambo ya barabara, adhana ya alasiri ikaanza. Ilikuwa sauti ya kijana, nene, ya haraka. Zebedayo alitega sikio kama alivyozoea. Aliacha neno la kwanza lipite, na la pili.

"Huyo siye Mzee Mbaruku."

"Siye."

"Anaumwa?"

Uweso alikuwa ameshapanda baiskeli, upawa umefungwa nyuma kwenye keria.

"Haumwi," alisema.